Mwanangu Anasoma kwa Kukariri, na Mimi Ndiye Ninayejua kwa Nini

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Barua hii siiandiki kwa mkono wangu. Naisema kwa mdomo, mpwa wangu wa kike anaiandika kwenye simu yake, na ameniapia haitatoka kwake. Sababu utaiona mbele.

Mimi ni fundi magari hapa Moshi, nina miaka 41, mke na watoto wawili. Gereji yangu ndogo iko upande wa Pasua, na kwa neema ya Mungu haikosi kazi. Mke wangu ni keshia kwenye saccos. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ana miaka kumi na yuko darasa la nne katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mwaka huu anafanya upimaji wa kitaifa.

Mtoto huyu hasomi. Simaanishi kwamba hataki shule. Ukimpa ukurasa anakwenda herufi moja moja, na akifika mwisho wa neno, mwanzo umeshamtoka. Anachanganya b na d. Anaruka mistari. Kunakili ubaoni, wenzake wanamaliza na kutoka nje kucheza, yeye yuko mstari wa tatu. Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Jumamosi halimuumi hata siku moja. Darasani wanamwita kilaza.

Lakini mlete gerejini. Anafungua kabureta ya pikipiki na kuirudisha bila skrubu kubaki mezani. Akimsimulia mdogo wake habari za sungura na fisi, hata wapangaji wa jirani wanasogea kusikiliza. Alichelewa kuongea, alikuwa karibu na miaka mitatu, na mpaka ana miaka saba herufi r ilikuwa inamshinda. Alipokuwa mdogo pia sikio lake moja lilikuwa likitoa usaha mara kwa mara.

Shule imetuita mara mbili. Wanataka arudishwe darasa la tatu, la sivyo tumtafutie shule nyingine, eti atashusha wastani. Mke wangu anataka tumpeleke bweni, akae mbali na gereji ashike kitabu, na ameshaanza kuulizia ada. Mama yangu kule Kibosho anasema akatwe ule uzi wa chini ya ulimi, kwamba ndio unaomfunga. Tuisheni tumelipia mwaka mzima. Anarudi saa moja usiku amechoka hoi, na sioni kilichobadilika.

Sasa siri yenyewe. Mwalimu, mimi pia sisomi. Darasa la saba nilimaliza, nilikaa dawati la nyuma nikinakili kwa jirani. Namba najua vizuri, hela hazinipigi chenga. Spea nazitambua kwa rangi ya boksi na umbo lake. Risiti anaandika kijana wangu wa kazi. Mtu akinitumia ujumbe wa maandishi, nampigia. Kanisani nashika kitabu cha nyimbo nimekifungua na ninaimba kwa kichwa. Kwenye kikao cha wazazi wakinipa karatasi nasema miwani nimeiacha gerejini, na miwani sijawahi kuwa nayo. Mke wangu nimemuoa miaka kumi na miwili iliyopita. Hajui.

Miezi miwili nyuma alichelewa kazini, akanipigia simu nimsikilize mtoto akisoma. Tulikaa mezani, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikafurahi, nikampa mkono. Mama yake aliporudi akataka asikie na yeye, akainama juu ya kitabu, kumbe ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na habari nyingine kabisa. Mtoto alikuwa amekariri alichosikia darasani. Mke wangu akaniuliza, "Sasa baba, wewe ulikuwa unaangalia nini?" Nikasema nilikuwa nasinzia. Mtoto akaniangalia. Lile jicho lake silisahau. Nadhani siku ile alijua.

Wiki iliyofuata shule walipotuita tena, nilirudi nikamchapa kwa mkanda. Mimi. Nilichapwa hivyo hivyo na marehemu baba yangu, kwa kosa hilo hilo, nikajiapiza sitamfanyia mtoto.

Nifanye nini? Nikimwambia mke wangu ukweli, nitabaki baba wa namna gani ndani ya nyumba? Nikinyamaza, mtoto anapelekwa bweni akateseke huko. Na ugonjwa huu, nimempa mimi?

Baba mwenye siri, Moshi

JIBU

Marahaba, baba. Pole sana. Na mpwa wako nampa pole na asante, maana kubeba maneno ya mtu mzima namna hii si kazi ndogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Juu juu inauliza habari za shule: bweni, kurudia darasa, au kuhama. Chini yake nasikia jambo jingine. Mwanao anateseka mahali ambapo wewe unapajua kila kona, na katika nyumba yenu mtu pekee awezaye kumwambia "hata mimi nilipita hapo" ndiye aliyefunga mdomo kwa miaka yote hii.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Umeliita ugonjwa. Mtoto anapojifunza kusoma anatakiwa kufanya kitu ambacho hakuhitaji kukifanya alipojifunza kuongea: alivunje neno vipande vipande kwa sikio lake, asikie kwamba "baba" lina b na a ndani yake, kisha kila sauti aipe alama yake, na afanye hivyo upesi bila kufikiri. Watoto wengi hulizoea hilo wakipata mwalimu mzuri. Wapo ambao sauti hizo hazikai. Zinateleza. Akili yao ni timamu, mikono yao ina ufundi, masimulizi wanayajua, lakini njia kati ya sauti na herufi kwao ina makorongo. Wataalamu huita hali hiyo disleksia. Hutembea katika ukoo, kama kimo au kutumia mkono wa kushoto, na mara nyingi mtoto wa aina hiyo utasikia alichelewa kuongea au kuna sauti zilizomsumbua. Kwa hiyo yawezekana kweli kuna kitu mmerithishana. Ila kurithisha si kosa, kama ambavyo hukukosa kwa kumpa pua yako. Na huo ufundi wa mikono nao, ameutoa wapi?

Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, William Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14. Alikuwa mwerevu, hesabu alizipenda, lakini pamoja na kufundishwa kwa miaka mingi aliweza kusoma maneno mafupi tu, na hata jina lake alilikosea akiliandika. Mwalimu wake alisema kijana huyo angekuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo. Niliposoma kisa hicho tayari nilikuwa nimestaafu kufundisha darasa la kwanza, nikawakumbuka watoto wangu kwa sura, mmoja mmoja. Baadhi yao niliwachapa. Sikujua, na kutojua kwangu hakukuwapunguzia maumivu. Nakwambia hili ujue kwamba ninaposema habari ya ule mkanda, siko juu ya kilima nikikutazama chini.

Hata hivyo jina la disleksia sitalibandika juu ya mtoto nisiyemwona, na nakusihi nawe usilibandike bado. Kuna lile sikio. Mtoto ambaye sikio lilikuwa likitoa usaha mara kwa mara anaweza kuwa alikuwa akisikia kwa kukatikakatika katika miaka ileile ambayo lugha inajengwa, na huenda mpaka leo kuna sauti zinazomfikia zimefifia. Mtu asiyesikia vizuri tofauti ya p na b atazitenganishaje kwenye karatasi? Hapo Moshi mna bahati ambayo mikoa mingi haina: hospitali ya KCMC kuna idara ya masikio, pua na koo, na kuna idara ya macho. Kupima vyote viwili ni jambo ambalo, popote mtakapomsomesha, halitapotea bure. Waulizeni hapo hapo kama kuna mtu wa tiba ya matamshi na lugha anayeweza kumwona. Wataalamu hao ni wachache sana nchini, kwa hiyo msishangae mkiambiwa msubiri, au kwamba kwa wakati huo hayupo. Na upande wa ualimu, Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru njia ya kwenda Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Halmashauri yenu pia ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu, na anaweza kuwaonyesha mwalimu wa aina hiyo aliye karibu.

Najua neno "maalumu" linaweza kumchoma mzazi. Huenda wewe au mama yake mkaogopa kwamba likishatajwa litamfuata mtoto. Hofu hiyo si ya kipuuzi, watu wana midomo. Lakini jina lipo tayari, umelitaja mwenyewe: kilaza. Kati ya majina mawili, nadhani lile linaloeleza sababu lina huruma zaidi.

Ushauri wa mama yako nauheshimu kwa sababu anampenda mjukuu. Ila kwa hili, baba, nitasema wazi kuliko mengine: kusoma hakukai kwenye ulimi. Mtoto anayesimulia hadithi mpaka wapangaji wanasogea, ulimi wake haujafungwa. Kumkata kienyeji ni damu na hatari ya kidonda kuoza, na kitabu kitabaki pale pale. Kama kuna wasiwasi wa ulimi, daktari yule yule wa masikio na koo atautazama.

Sasa shule. Kiswahili chetu kina upole kwa msomaji. Irabu tano, kila moja na sauti yake, na ukishajua silabi unaweza kusoma hata neno usilolijua. Mtoto mwenye shida hii akisoma Kiswahili mara nyingi hakosei sana, ila anakwenda polepole mno, na maneno yetu marefu yanamchosha: akianza "hatukuwaandikia", akifika "-kia" ameshasahau "hatu-". Kiingereza ni njia nyingine kabisa. "Knife" linaanza na herufi isiyotamkwa, na irabu moja ina sauti nyingi kutegemea imekaa wapi. Mwanao anapanda njia hiyo ya pili wakati ile ya kwanza hajaizoea. Je, mmewahi kumsomesha ukurasa wa Kiswahili na kulinganisha? Jaribuni. Mtajifunza kitu kabla ya kulipa ada ya mtu yeyote.

Kuhamia shule ya Kiswahili kunaweza kumpa nafasi ya kupumua. Kwa upande mwingine darasa linaweza kuwa na watoto wengi kuliko mwalimu awezavyo kuwaona, na sekondari Kiingereza kitamngojea mlangoni. Kurudia darasa la tatu kunatoa muda, lakini muda peke yake haufundishi. Akirudia vitabu vilevile kwa njia ileile atapata mwaka mwingine wa kushindwa, tena akiwa mkubwa kuliko wenzake. Ningependa muiulize shule swali moja kabla ya kukubali au kukataa: akirudia, mtamfundisha nini kwa namna ambayo hamkumfundisha mwanzo? Jibu lao litawaonyesha kama wanamfikiria mtoto au wastani. Kuna walimu wazuri wanaongoja tu kuulizwa hivyo.

Bweni nalitazama kwa wasiwasi zaidi. Mtoto anayeficha anahitaji mtu wa kumwona anapoficha, na katika bweni la watoto wengi kuficha ni rahisi. Halafu ataondolewa gerejini, mahali pekee ambapo kwa sasa anajua kwamba anaweza. Lakini nisimhukumu mama yake. Anatenda kwa kile alichoonyeshwa: mtoto mjanja anayekariri, na baba aliyesinzia. Ungekuwa wewe huna habari unayoijua, usingefikia uamuzi uleule?

Hapo ndipo siri yako inapokutana na ada ya bweni.

Umesema hajui. Nikuulize taratibu: una hakika? Keshia anayeishi na karatasi kutwa nzima, miaka kumi na miwili na mume ambaye hajawahi kumwandikia hata mstari mmoja, na ambaye miwani yake hajaiona? Labda kweli hajui. Labda anajua na amekuwa akikusitiri, akingoja useme mwenyewe. Au labda ana vipande tu, na ule usiku wa kitabu umeongeza kimoja. Kila hali kati ya hizi ina mazungumzo yake. Kama hajui, uwe tayari kwamba kitakachomuuma huenda kisiwe kutosoma kwako bali kufichwa, na anaweza kukasirika siku kadhaa. Kuna pia hatari kwamba siku ya ugomvi neno hilo litarudi. Wewe ndiye unayemjua, mimi simjui.

Waweza pia kumwambia mtoto kwanza. Faida yake naiona moyoni: mtoto wa miaka kumi anayejiona mjinga peke yake duniani, kusikia kwamba baba yake, fundi anayesifiwa mtaa mzima, herufi zilimkimbia vilevile! Lakini ukimpa siri ya kumficha mama yake, unamwongezea mzigo, na yeye anao wa kutosha. Nisingependa abebe wa kwako. Waweza vilevile kunyamaza kwa sasa na kusema tu, "Huyu mtoto si mvivu, twende tukampime kwanza." Hilo halihitaji ungamo lolote. Litakupa muda, ingawa mkeo atakuuliza umejuaje.

Kuna jambo moja tu ambalo sidhani linahitaji kungoja vipimo wala siri, nalo ni ule mkanda. Neno "samahani mwanangu, sikupaswa" baba anaweza kulisema bila kusoma herufi hata moja.

Mambo ya nyumbani sitayarefusha. Mtoto anayerudi saa moja usiku kutoka tuisheni hana ubongo wa kuongezewa. Robo saa ya mchana, akiwa hajachoka, ina thamani kuliko saa mbili za usiku. Chezeni naye michezo ya sauti kabla ya herufi: "kabureta" ina vipande vingapi, piga makofi. Toa "ka", kinabaki nini? Funika mistari mingine kwa karatasi, abaki na mmoja. Yale ya sayansi na maarifa asomewe na mtu, kichwa chake kisilale njaa kwa sababu macho yanachelewa. Na pale gerejini mna maboksi ya spea. Kila boksi lina jina. Mnaweza kuyaandika upya kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, sauti moja moja, "nati", "bolti", "plagi". Kwa sehemu hiyo ya kazi hahitajiki mwalimu anayejua kila kitu. Wanahitajika watu wawili wanaotafuta pamoja.

Mama yangu mzazi alijifunza kusoma ngumbaru, madarasa ya watu wazima. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama alikuwa na watoto watano, na jioni alikwenda na daftari lake kwenye banda la chama akiwa amejifunika kanga mpaka usoni, asitambuliwe. Banda lilijaa watu waliojifunika vilevile. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo mpaka leo, kama siku moja utataka kuuliza. Miaka 41 si mingi.

Ninakuwaza sana, wewe na kijana wako. Sikuambii useme leo wala unyamaze. Ila nimegundua jambo katika barua yako ambalo wewe umelipita haraka: yupo mtu tayari anayejua. Umemtazama usoni ukamwambia, na bado anakuandikia, anakuita mjomba. Ukinitumia ujumbe tena, hata wa sauti, naomba uanzie hapo. Siku ulipomwambia mpwa wako, alisema nini?